Kodi ya Uwanja Tuliokwisha Kuutoa

Risala ya wenye nyumba wa Mstari wa Chini, mtaa wa Subira, iliyosomwa na katibu wao, Bi. Lydiah Wakiuru, mbele ya Waziri wa Ardhi wa kaunti, siku ya kuweka jiwe la msingi la madarasa mapya ya Shule ya Msingi ya Subira.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Ardhi wa kaunti yetu. Mwalimu mkuu na walimu wote. Wachungaji mliotuombea asubuhi. Wazazi, wanafunzi, na majirani mliokuja kutoka mtaa wa Jericho kutusindikiza:

MAKARIBISHO

Sisi wenye nyumba wa Mstari wa Chini tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunasema hivyo kwa sababu ndivyo risala zinavyosema, na pia kwa sababu mioyo yetu, pamoja na yote utakayoyasikia, haijajifunza kumnunia mgeni. Kiti ulichokalia ni cha mwenyekiti wetu, Mzee Bedan Ng'ang'a, na kimetolewa sebuleni kwake. Yeye mwenyewe amesimama pale nyuma ya hema na amekataa kiti kingine. Mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia yalipakwa jana na watoto wa darasa la tano, na kama chokaa imekushika kwenye suruali, tuwie radhi, watoto hawakungoja ikauke.

Tumepewa nafasi hii kati ya shairi la watoto na uwekaji wa jiwe. Ofisa wa itifaki aliyekutangulia aliisoma risala yetu, akatuomba kwa upole tupunguze changamoto, na tusilitaje neno moja ambalo alisema linaharibu sherehe. Changamoto tumezipunguza. Hilo neno tulimwomba aturuhusu tulitaje mara moja tu, akafikiri, akakubali. Tukilifikia utalijua.

Tungependa pia ujue kwamba risala hii si mpya. Tumekwisha kuisoma mbele ya wageni rasmi wengine. Kila mara tunabadilisha jina la mgeni na kuondoa majina ya wenzetu waliofariki tangu usomaji uliopita. Wageni hao wote walisimama hapa wakatuambia kwamba wamekisikia kilio chetu. Kwa kweli, Mheshimiwa, kilio chetu kimesikika sana. Sidhani kuna kilio kingine katika Eastlands nzima kilichosikika kama hiki.

Hapo kwenye "sidhani" ilipasa niseme "hatudhani". Wenzangu watanisamehe.

TULIKOTOKA

Nyumba hizi tulizinunua pole pole, kwa kukatwa mishahara. Waume zetu walikuwa reli, viwanda vya sabuni, gereji za mabasi. Wengine wetu tumetoka Murang'a na Nyeri, wengine Kakamega na Bungoma, na tulipofika tulikuta kila nyumba ina ploti ndefu inayoteremka hadi kwenye mtaro mkubwa. Ploti zilikuwa ndefu kuliko mahitaji yetu. Tulipanda sukuma wiki, tukafuga kuku, tukasema Mungu ametukumbuka.

Nyuma ya ploti hizo kulikuwa na shule ndogo ya mabati. Haikuwa na uwanja. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto walikuwa wanatoka kwenda kucheza kwenye barabara ya malori yanayokwenda viwandani. Siku moja lori lilimgonga Vivian, binti wa Mzee Bedan, akafa. Alikuwa darasa la pili. Hatutasema zaidi ya hapo, kwa sababu babake yuko hapa na anatusikia.

Baada ya mazishi, harambee ikaitishwa. Watu wakakaa kwenye nyasi, mchungaji akasema kutoa ni moyo si utajiri, na kapu likapitishwa likarudi karibu tupu, kwa sababu mwezi ulikuwa umefika ukingoni. Watu walikuwa wameanza kutazama chini. Ndipo Mama Norah Muhonja aliposimama, mtoto wake Owen akiwa mgongoni, akasema, "Mimi pesa sina. Lakini nina shamba la sukuma nyuma ya jiko. Linatosha goli moja."

Watu walicheka. Wakaacha kucheka walipomwona Mzee Bedan naye anasimama. Hakuwa amefungua mdomo tangu makaburini. Alisema, "La pili ni langu."

Kuanzia hapo hakuna aliyebaki ameketi. Mstari mzima, nyumba hadi nyumba, kila mmoja akakata nusu ya ploti yake. Mheshimiwa, umewahi kuhudhuria harambee nyingi. Hii ilikuwa harambee ya ardhi.

Sasa tueleze kosa letu, maana kosa lipo na ni letu wenyewe. Kwa watu wa kati, wa Murang'a na Nyeri, mpaka ni itoka, yale maua yenye mizizi isiyokufa. Kwa watu wa magharibi, mpaka ni mti wa lusiola. Ukipanda itoka au lusiola mbele ya mashahidi, na mkala pamoja, mpaka umekwisha kuwekwa, na atakayeusogeza atalaaniwa na walio hai na waliokufa. Basi sisi tulipanda vyote viwili, mstari mmoja, itoka na lusiola. Wa kati wakaleta mukimo, wa magharibi wakaleta kuku, tukala. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwenda ofisi ya ardhi. Tungeenda kufanya nini, na itoka ilikuwa imeshika?

Yalibaki mawe ya zamani ya mpaka, yale ya zege yenye namba juu, ambayo wapima ardhi huyaita bikoni. Yalikuwa yamebaki katikati ya uwanja, na mtoto akikimbia angejikwaa avunjike mguu. Mzee Bedan akachukua mtaimbo wake wa gereji akayang'oa yote. Mchungaji akasema mawe ya namna hiyo hayatupwi. Kwa hiyo tuliyaweka kwenye msingi wa darasa la nasari lililokuwa linaanza kujengwa, jiwe la kila nyumba kando ya jiwe la jirani yake, tukamwaga zege juu, tukaomba. Siku hiyo tuliona tumefanya jambo la busara kupita yote tuliyowahi kufanya.

TULIYOYAPATA

Tangu siku ile hakuna mtoto wa shule hii aliyegongwa barabarani. Hilo ndilo fanikio letu, na tungeweza kuishia hapo.

Lakini risala hutaka mafanikio zaidi, kwa hiyo tunaongeza. Mabati yamekuwa mawe. Timu ya kandanda imefika fainali za kaunti ndogo, ikafungwa. Vioo vyetu vya jikoni vimevunjwa na mipira ya vizazi viwili na hatujawahi kumdai mzazi. Mpira ukiangukia kwa Mama Muhonja, haurudishi peke yake. Hutoka nao na mtungi wa maji, na watoto hupanga foleni. Wengine wanadhani ni mfanyakazi wa shule.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Sisi tulitenda wema tukabaki palepale, ukuta kwa ukuta na wema wetu, na ndiyo maana tumefikiwa na haya yanayofuata.

TULIPOKWAMA

Mheshimiwa, kodi ya ardhi hutozwa kwa ukubwa wa ploti kama ulivyo kwenye ramani. Kwenye ramani ya ofisi yako, ploti zetu bado zinafika kwenye mtaro. Uwanja huu ambao hema lako limesimama juu yake, kwa karatasi, ni bustani zetu za sukuma. Miaka yote hiyo tumekuwa tukiulipia kodi, na kwa kuwa kodi ilikuwa ndogo, tulilipa tukanyamaza. Kisha thamani ya ardhi ikapimwa upya, na moja ya sababu za kuipandisha, tuliambiwa, ni kwamba tunakaa karibu na shule nzuri yenye uwanja.

Wengi wetu sasa ni wazee. Waliokuwa wanakatwa mishahara hawana mishahara. Kaunti ilipotangaza afueni ya kodi kwa wenye nyumba wazee wanaoishi kwenye ploti ndogo, tulifurahi hadi tukaimba. Mstari wa Juu, ambao ploti zao zilikuwa fupi tangu mwanzo na hawakuwa na cha kutoa, walipata. Tunawapongeza, ni majirani zetu. Sisi tulinyimwa. Karatasi inasema ploti zetu ni kubwa mno. Aliyetoa ndiye anayetozwa, na aliyekosa cha kutoa ndiye aliyesamehewa, na hakuna mtu aliyefanya ubaya wowote. Hilo ndilo linalotukatisha tamaa. Tungempata mwizi mahali fulani tungefurahi.

Tuliomba ramani irekebishwe. Akaja mpima ardhi, kijana mwenye adabu sana. Tukampeleka kwenye mstari wetu. Itoka ilikuwa imechanua. Akaitazama, akatutazama, akasema, "Wazee wangu, haya ni maua."

Tukamwonyesha lusiola. Akasema huo ni mti.

Kisha akatueleza kwa subira kile kinachohitajika. Kila mwenye ploti atie sahihi kwamba alitoa kwa hiari. Zaidi ya nusu ya waliotoa wamekwisha kufariki, na watoto wao wametawanyika. Tukamuuliza, na kwa wale waliokufa? Akasema kama mawe yenyewe yenye namba yangepatikana yote, yamewekwa pamoja kwa makubaliano, huo ungekuwa ushahidi kwamba hakuna aliyenyang'anywa. Akauliza, "Mawe yako wapi?"

Mzee Bedan alinyoosha kidole kwenye darasa la nasari.

Mwalimu mkuu alimleta fundi. Fundi akagongagonga, akalala chini akachungulia, akasema mawe yamo kwenye msingi wenyewe. Ukiyatoa, ukuta unakuja chini. Ukuta ukija, darasa linafungwa, na watoto wadogo wanarudi walikotoka, yaani kwenye barabara ya malori. Wenzetu waliokufa hawana sahihi nyingine zaidi ya mawe hayo, na watoto wetu wameketi juu yake wakijifunza a, e, i, o, u. Ukisimama kimya unaweza kuwasikia sasa hivi. Mwalimu wao, Kate, hakuwatoa nje, alisema hema haliwatoshi.

Kuna njia nyingine, na tutaisema ingawa wako kati yetu waliotaka sehemu hii iondolewe. Kwa kuwa karatasi inasema uwanja ni wetu, tunaweza kuuza. Mtu mmoja mwenye uwezo ameshatutembelea. Anataka kujenga magorofa ya kupangisha kama yale ya mtaa wa Kware, yale ambayo ukiwa ndani jua utaliona kwenye dirisha la jirani tu. Bei yake ingelipa kodi yote na kubaki. Kijana Owen, yule aliyekuwa mgongoni siku ya harambee, aliunga mkono kwenye mkutano wetu. Hatumlaumu. Anaona nyumba ya mamake inaondoka. Alisimama akamwambia mamake mbele yetu sote, "Mathe, karatasi inasema ni yetu. Kodi inasema ni yetu. Ni wewe tu unabonga ati si yetu."

Mama Muhonja akamjibu, "Niliitoa mbele ya watu, mwanangu. Wengine wao wamekufa. Siwezi kuwaita niwaambie nimebadilisha."

Owen akasema, "Na wakikutoa kwa nyumba, hao wamekufa watakulipia rent?"

Mama Muhonja alivuta leso akafunika magoti. Kijana akatoka nje, na tuliomfuata tulimkuta ameegemea ukuta analia, mtu mzima mwenye ndevu. Mkutano ulifungwa bila maombi.

Mheshimiwa, tumelifikia lile neno. Nyumba ya Mama Norah Muhonja imetangazwa kwa mnada, kwa deni la kodi hiyo. Notisi imebandikwa kwenye geti lake, lile la bluu ulilolipita ukiingia, na ameifunika kwa kalenda ya kanisa, si kwa kuficha, bali kwa sababu alisema leo kuna mgeni. Yeye ni wa kwanza kwa kuwa ndiye mwenye kipato kidogo. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Jericho, na siku hizi magoti hayamruhusu kwenda kila siku. Baada yake notisi zitateremka mstari, nyumba hadi nyumba, kwa utaratibu uleule tuliosimama nao siku ya harambee.

Nami nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

TUNAYOYAOMBA

Tulikuwa na maombi mengi. Tulipokaa kuyaandika yakapungua yenyewe, kwa jinsi mtu anayeumwa sana anavyoacha kutaja kikohozi.

Tunaomba ofisi yako iukubali mstari wa itoka kuwa mpaka. Unaweza kuutembelea leo. Ni hatua chache kutoka hapa, na umezidi kushika tangu tulipoupanda. Tukipata hilo, ploti zetu zitakuwa ndogo kwenye karatasi kama zilivyo machoni, na afueni itatufikia pamoja na wenzetu wa Mstari wa Juu. Hatuombi turudishiwe tuliyokwisha kulipa. Hayo tumeyahesabu kuwa mchango.

Tunaomba, hadi hapo utakapoamua, notisi ya Mama Muhonja isitishwe. Hatukuweka tarehe kwenye ombi hili kwa sababu tarehe mnaijua ninyi. Tunachosema ni kwamba ni kabla ya shule kufungwa kwa likizo.

Lilikuwapo ombi la mwisho, kwamba ukishindwa na hayo mawili utuambie leo, hapahapa, mbele ya watu, bila kusema umekisikia kilio chetu. Wazee wakasema si heshima kumwambia mgeni hivyo. Tukalifuta. Limebaki kwenye nakala yangu, nami macho yangu si mazuri, nimejikuta nimelisoma.

ZAWADI

Ni desturi mgeni asiondoke mikono mitupu. Wengine hutoa mbuzi, wengine huwavisha wageni leso na kofia. Sisi tumejadiliana sana tukaona tukupe kitu ambacho ni chetu kweli. Mzee Bedan, sogea mbele.

Huu ni mtaimbo, Mheshimiwa. Ni huu uliong'oa mawe ya mpaka. Mzee ameupaka mafuta. Ni mzito, msaidizi wako na akushikie.

Hatukupi kwa kejeli. Tunakupa kwa sababu ikiwa hakuna njia nyingine, ikiwa sheria haijui kusoma maua na lazima ione mawe, basi sakafu ya nasari itabidi ivunjwe, na sisi tumekubaliana kwamba hatuwezi. Tulijaribu. Jumamosi moja, shule ikiwa tupu, Mzee Bedan aliingia mle ndani na mtaimbo huu, sisi tukiwa mlangoni. Kuna picha za matunda ukutani, na viti vidogo vya plastiki. Aliuinua. Akauteremsha taratibu hadi ukagusa sakafu bila sauti. Akasema, "Niliyaweka haya kwa ajili ya Vivian." Tukarudi nyumbani. Kwa hiyo ikibidi, iwe kwa amri yako na kwa mkono wako, na sisi hatutakuwapo siku hiyo.

TAMATI

Mgeni rasmi, tunakaribia kukuachia nafasi uweke jiwe. Madarasa mapya tunayafurahia, hatutaki ufikiri vinginevyo. Wajukuu wetu watasoma humo, popote tutakapokuwa tunakaa. Ila ni haki yako kujua, kwa kuwa wewe ndiwe mwenye ramani. Pale mafundi walipochimba, penye ule utepe mwekundu, kwa mujibu wa karatasi ni nyuma ya jiko la Mama Muhonja. Ni lile shamba la sukuma lililotosha goli moja. Jiwe lako la leo litakuwa ndani ya ploti yake, na kodi ya ardhi litakayoikalia itaandikwa kwa jina lake hadi siku atakayotolewa.

Labda umeona kwamba mahali hapo ni safi. Asubuhi, kabla ya hema kusimamishwa, tulimkuta ameinama pale na ufagio, anafagia vumbi la mafundi, ananyunyizia maji kidogo, anafagia tena. Tukamwambia, Mama, acha, shule ina watu wa kazi hiyo. Hakuinua kichwa. Alisema, "Karatasi inasema hapa ni uani kwangu. Mgeni hawezi kukuta uani kwangu pachafu."

Yuko pale, safu ya mbele, mwenye kitambaa cheupe. Alituomba tusimtaje.

Mungu akulinde uendako na urudiko, ailinde shule hii, na awape pumziko wenzetu waliotoa wakatangulia. Karibu uweke jiwe.

Ni sisi, wenye nyumba wa Mstari wa Chini, mtaa wa Subira.